Gari Haikulipuka, Ni Mpira Tu Ulichomoka

Naanza na hili kabla ya yote: gari HAIKULIPUKA. Najua mmeshaona status ya mshkaji wangu, yule aliyekaa siti ya nyuma na kreti ya soda mapajani, kaandika "washenga walipuliwa Goba" na vidude vya bomu pembeni, na sa hivi hadi mama mdogo kanipigia kutoka Mwanza anauliza nimelazwa wadi gani. Sijalazwa. Nina aibu tu na kidole kimoja kimeungua, nitafika huko.

Wenye Subaru Forester za turbo mnajua ile solenoidi ya kiwandani ya busti, yaani presha ya turbo, ikichoka, presha inapanda inashuka haina msimamo, gari inakuwa mvivu. Nikaagiza ile ya matundu matatu. Fundi wa nini, si mipira mitatu tu ya kupitisha upepo na soketi moja? Kwa msiofuatilia haya mambo: turbo inasukuma hewa kwenye injini, na kuna kilango kinaitwa westigeti, kikifunguka moshi wa ekzosi unapita pembeni badala ya kuizungusha turbo, presha inatulia. Kilango kinasukumwa na presha hiyohiyo ya turbo, na solenoidi ndo bawabu, kompyuta ya gari inaiamuru kwa asilimia, upepo kiasi gani ufike kilangoni na kiasi gani uchepushwe. Ikikosa umeme kabisa upepo wote unaenda kilangoni, unabaki na busti ndogo ya springi, kama bar 0.5 hivi, na unafika nyumbani mzima.

Sasa mimi mpira wa kutoka turbo nikauchomeka kwenye tundu la mpira wa kurudi, ule wa kuchepusha upepo, na wa kurudi nikauchomeka la turbo. Nyamazeni. Kale kashaba kenye kitobo ndani ya mpira wa kiwandani, ambako kwa solenoidi hii kanatakiwa katoke, nilikatoa, hako nilipatia, maksi zangu msininyime.

Jumamosi rafiki yetu anaposa. Nikaombwa gari. Mbele kakaa mshenga, mzee wa kanzu nyeupe, koti, barakashia, na barua ya posa kaifunga kwenye kitambaa kaishika kwa mikono miwili. Nyuma watu watatu na soda. Foleni ya Bagamoyo Road hapa Dar ikatula, tumekata Tangi Bovu saa ya miadi ishapita, barabara ikafunguka kidogo, mzee akasema, "Baba, tumechelewa. Hizi si ndo zile gari zinazokimbia?"

Weeeee. Maneno hayo unamwambia mtu wa Subaru?

Nikakanyaga. Mimi geji yangu naijua, sindano inapanda inagota 0.8 inatulia. Ikafika 0.8. Ikapita. Na nisiwafiche, moyo ulifurahi, nikajua hapo kazi yangu imejibu. 1.0. Mzee anasema "eeeh, sawasawa." 1.1. Kumbe muda huo kompyuta ishaona presha imezidi, inapunguza asilimia ili kilango kifunguke, na kwa nilivyounganisha mimi kupunguza ndo kuongeza, yaani kila ikijitetea inajikaba yenyewe. 1.2, ikaona bora lawama, ikakata mafuta.

Kama hujawahi kukatiwa mafuta turbo ikiwa imeshiba: unakuwa umegonga ukuta ambao haupo. Wote tukaenda mbele. Barakashia ikatoka kichwani kwa mzee ikatua juu ya dashibodi, imekaa vizuri kabisa imetutazama. Mguu ukaachia, tukarudi nyuma. Nikakanyaga tena kwa kuchanganyikiwa, tukaenda mbele tena. Mzee hakusema neno. Akaichukua barakashia, akaipangusa, akaivaa, akaishika barua yake upya. Tumeenda kama dakika mbili kimya ndo akauliza kwa upole, "Baba, leseni unayo?"

Sasa wanaoijua Goba wanajua ile milima yake. Nyumba ya ukweni iko juu, mwinuko wa vumbi, na wenyeji washajipanga getini, kina mama wana sare. Nikasema napanda taratibu. Gari ina watu wazima watano na kreti, taratibu haipandi, katikati ikaanza kugoma, nikaongeza mguu kidogo. KIDOGO. Turbo ikaanza kupiga mluzi, fiiiiiiii, sindano sikuiangalia, nilikuwa namuangalia mama wa binti anavyotabasamu na mimi natabasamu.

PAAAAA!

Palepale chini ya boneti. Ule mpira unaounganisha turbo na intakula, kile kipoza hewa, klipu yake niliilegeza nipate pa kupitisha mkono, na kuikaza tena ni hadithi ya siku nyingine. Presha ya bar 1.2 ni zaidi ya nusu ya upepo wa tairi la gari ndogo, hiyo haibembelezi mpira uliolegea.

Kukawa kimya. Halafu, naapa, kina mama wakapiga VIGELEGELE. Walijua tumekuja na fataki! Na Subaru inapima hewa kabla haijafika kwenye turbo, kwa hiyo injini inamwaga petroli ya hewa ambayo ishatorokea njiani, ukatoka moshi mweusi wa haja, gari ikakohoa ikazima. Moshi ukatukuta tumeshateremka. Simuoni mzee, kanzu yote imemezwa, nasikia sauti tu mulemule ndani, haitetemeki hata kidogo: "Hodi wenyewe! Tumekuja kwa heri!"

Vigelegele vikaongezeka.

Mengine mafupi. Barua imepokelewa. Katikati ya mazungumzo ilibidi niingie sebuleni nimepiga magoti, "shikamooni wazee, samahani, kuna bisibisi?" na baba wa binti akainuka mwenyewe kuitafuta huku watu wote wananiangalia. Mpira nikaurudisha ukiwa wa moto, kidole ndo hicho. Solenoidi nikairuka, turbo moja kwa moja kwenye westigeti, tukarudi na 0.5 yetu mdogo mdogo, bajaji zinatupita. Jana nimepanga mipira kila mmoja tundu lake, sindano inagota 0.8 na inakaa, video ninayo, mwenye shaka aje inbox.

Ila posa yetu ilipigwa faini ya kushtua wazee, na bwana harusi mtarajiwa anasema hiyo faini ni ya dereva. Siku ya kupeleka mahari wamekodi Noah. Mimi nimeambiwa nije na bodaboda.