Ndiyo, ni mimi wa "leteni ndoo"

Kipara, mwenzangu wa kazini, keshawatumia voisi ya yaliyonikuta jana kazini, najua, maana tangu asubuhi simu yangu inaingiza picha za ndoo tu. Ndoo nyekundu, ndoo ya bluu, shangazi yangu wa Morogoro naye katuma dumu. Sasa kaeni niwaambie ilivyokuwa, kwa sababu pale panapomhusu yeye karuka.

Kazi yangu mnaijua: navalisha watu kofia ya kupima umeme wa ubongo. Napima kichwa, nachagua saizi, halafu kila kitundu nakijaza jeli kwa bomba la sindano lisilo na ncha huku nikimwapia mtu kwamba simdungi. Elektrodi, yaani vidude vya kunasa umeme, 32. Kila moja inawaka nyekundu kwenye skrini mpaka jeli ishike ngozi ya kichwa, ndipo inageuka kijani. Jana tulikuwa na wageni: wafadhili, na wasichana wa kidato cha sita na madam wao. Binti aliyejitolea kupimwa mbele yao kaja kasuka rasta mpya mpaka kiunoni. Pale jeli haifiki kwenye ngozi hata umwage chupa nzima, na mtu aliyelipia kichwa juzi humwambii afumue.

Haki ya Mungu, kichwa kilichotakiwa ni cha Kipara. Kile kichwa kiliumbwa kwa ajili ya elektrodi. Dokta, bosi wetu, akamwangalia. Kipara akakohoa. Na kikohozi kinaharibu mawimbi, hata kubana meno tu kunajaza skrini makorokoro. Kikohozi hicho wakati wa chai hakikuwepo. Hilo kwenye voisi kalisema?

Nikavaa mimi.

Chumba chenyewe kuta zake zina wavu wa shaba wa kuzuia umeme wa nje, taa hafifu, kimya, kiti cha kujilaza, ubaridi wa kiyoyozi. Na mimi mtu wa Mbagala, usiku wa kuamkia jana umeme ulikatika, feni imesimama, mbu wanapigania nafasi, na saa nane usiku maji yakatoka, tukajaza ndoo mpaka adhana ya alfajiri. Naomba hilo liandikwe.

Dokta kwa spika: "Fumba macho." Nikafumba. Mawimbi ya alfa yakajaa kisogoni, yale ya 8 mpaka 12 kwa sekunde, wasichana wakashangilia. "Fumbua." Yakapotea. "Fumba tena, usifumbue mpaka nikwambie." Kisha akawageukia wageni awasimulie habari za Hans Berger, mwasisi wa kipimo hiki.

Ndugu zangu, Dokta hamsimulii Berger nusunusu. Alianza na farasi: Berger kijana, yuko jeshini, farasi kamwangusha, kakoswakoswa kusagwa na gari la mzinga, na siku hiyohiyo ikaja telegramu kutoka nyumbani kwamba dada yake kahisi kaka yuko hatarini. Kwenye farasi nilikuwepo. Telegramu niliisikia kwa mbali. Akaeleza jamaa alivyohangaika kutafuta nguvu ya akili inavyosafiri, mpaka 1924 kule Jena, Ujerumani, akanasa umeme wa ubongo wa binadamu, akaukalia kimya, akaja kuuchapisha 1929. Naambiwa. 1929 mimi sikuwepo.

Yaliyofuata nimeyaona kwenye rekodi. Alfa inakonda, inakatika, yanaingia mawimbi ya polepole. Dokta anadhani jeli imekauka, anamtuma Kipara akague waya. Kipara, kapona ghafla, anakagua waya. Kisha inapita spindeli, kile kifurushi cha mawimbi ya haraka kinachovimba katikati na kunyauka. Msichana mmoja wa mbele, Mungu ampe mtoto asiyelala usiku, akanyoosha mkono: "Dokta, huyu si amelala?"

Maikrofoni ya chumbani ilikuwa wazi. Wakatulia. Wakasikia.

Bosi mwingine angeniamsha. Dokta ni mwanasayansi, akavuta kiti. "Hii ni hatua ya pili ya usingizi. Tazameni nikiita jina la mtu mwingine." Akaita Jumanne. Mistari ikatikisika kidogo. "Sasa lake." Akaita langu. Likapanda wimbi moja refu likazama, K-kompleksi safi ya kuwekwa kitabuni. Akaniita tena, wimbi tena. Ubongo unamwitikia bosi, mwenye ubongo anakoroma. Wafadhili wanaandika.

Mara ya tatu akakaribia mno spika. Nikafumbua jicho moja. Giza. Kimya. Kitu cha baridi kinatiririka nyuma ya sikio langu taratibu, kinaelekea shingoni. Wewe unayecheka hapo, hebu jiweke mahali pangu: umetoka kujaza ndoo, kuna giza, umelowa. Utawaza jeli? Nikasikia sauti, kabla sijajua ni yangu, ikivuma kwenye spika za ukumbini:

"Amkeni, maji yametoka! Leteni ndoo!"

Na nikasimama nikimbie. Sasa ile kofia ina mkia mnene wa waya unaokwenda kwenye mashine. Hatua ya kwanza waya ukanivumilia. Ya pili ukaisha. Kichwa kikarudi nyuma, miguu ikaendelea na safari, mbuzi aliyesahau kwamba kafungwa kamba. Nikaketi sakafuni. Kwenye projekta mistari yote 32 ikaruka juu ikagoma kushuka. Hakuna anayepumua. Kisha kwa spika nikamsikia madam, anauliza kwa dhati kabisa:

"Yametoka upande gani?"

Basi. Wakacheka, wakaenda kula, mfadhili akanipa mkono ukajaa jeli. Dokta hajanigombeza, rekodi kaihifadhi ya kufundishia, faili kaliita Ndoo.

Kipara, Alhamisi kuna wageni wengine, na zile rasta bado hazijafumuliwa. Tangawizi na asali nimeshakununulia, kikohozi huna. Na nimemwomba Dokta kwamba habari za Berger nisimulie mimi. Naanzia alikozaliwa.