Ukali wa Mbwa na Nguvu Zake ni Mambo Mawili

Tangu Uingereza ipige marufuku mbwa wa aina ya XL Bully, mbwa mkubwa mwenye misuli na damu ya pit bull, ubishi umezunguka neno moja: ukali. Kazaliwa mkali, au kafanywa mkali na anayemfuga? Upande unaomtetea mbwa umesimama na wataalamu wengi, na wanaounga mkono marufuku wameishia kuonekana watu wa hofu wasiojua sayansi. Nadhani wameonewa.

Sheria yenyewe, ya mbwa hatari, ni ya mwaka 1991, na ilikuwa tayari inakataza aina nne: pit bull terrier, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. XL Bully akaongezwa. Kuanzia 31 Desemba 2023 ikawa kosa kumuuza au kumzalisha katika England na Wales, na kuanzia 1 Februari 2024 ikawa kosa kuwa naye bila cheti cha ruhusa maalumu. Mwenye cheti sharti amhasi, amwekee chipu, amkatie bima, na akitoka naye amfunge mdomo na kumshika kwa kamba.

Hoja inayorudiwa zaidi dhidi ya marufuku ni asilimia 9. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Marekani uliokusanya majibu kuhusu mbwa zaidi ya 18,000 na kusoma vinasaba vya zaidi ya 2,000 kati yao. Ikaonekana kuwa aina ya mbwa inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Naukubali utafiti huo, na ninaomba usomwe vizuri. Wenye mbwa waliulizwa mbwa wao anaishije: anamwogopa mgeni? Anatii akiitwa? Hasira zake zinapanda upesi? Hizo ni tabia. Hakuna aliyeulizwa mbwa huyo akishauma, jeraha linakuwaje.

Chukua mbwa wawili wenye hasira sawasawa kabisa, mmoja wa kilo 3 na mwingine wa kilo 50. Wote wawili wanashtuka siku moja, mtoto akipita mbio. Yule mdogo ataacha alama za meno kwenye kifundo cha mguu. Mtoto atalia, atasafishwa kidonda, atachomwa sindano. Yule mkubwa akimkamata mtoto huyohuyo shingoni, mtu mzima mmoja anaweza kuvuta kwa nguvu zake zote asimbandue. Asilimia 9 imebaki palepale, na mtoto amekufa. Watafiti waliopitia majeraha ya uso kwa watoto walioumwa na mbwa katika hospitali za Ohio na Virginia, Marekani, waliona pit bull na machotara wao wakiwa miongoni mwa walioacha majeraha mabaya zaidi, ingawa mara nyingi aina ya mbwa haikuandikwa kwenye jalada. Haishangazi. Mababu wa mbwa hawa walizalishwa kwa mchezo wa kuwashambulisha mafahali, uliokatazwa Uingereza mwaka 1835, na sifa iliyotafutwa ilikuwa kung'ata bila kuachia.

Dereva wa lori anadaiwa leseni tofauti na ya bodaboda, na hakuna anayesema ametukanwa tabia yake. Tunauliza chombo kinaweza kufanya nini kikimponyoka.

Upande wa pili una hoja nzito pia, na nzito kuliko zote kwangu ni ya utambuzi. Katika makazi ya mbwa wasio na wenyewe huko Florida, Marekani, wafanyakazi waliwaita pit bull mbwa 62 kati ya 120. Vinasaba vikaonyesha kuwa kati ya hao 120, pit bull ni 25 tu. Mbwa anaweza kuuawa kwa sura yake, naye hajawahi kumkwaruza mtu, na familia iliyomlea ikabaki na kamba mkononi. Huo ni uchungu wa kweli. Uholanzi nayo iliweka marufuku ya pit bull mwaka 1993, ikaifuta 2008 kwa kuwa idadi ya watu wanaoumwa haikushuka. Ila hapo tena wamehesabiwa wote walioumwa, kuanzia waliotoka na mkwaruzo. Mbwa waliokatazwa ni sehemu ndogo ya mbwa wote, kwa hiyo jumla hiyo isingeweza kutikisika sana.

Kasoro kubwa ya sheria ya 1991 naiona kwingine: ilikataza majina. Wafugaji wa kuuza wakapata aina yenye damu ya pit bull, nzito zaidi na yenye jina jipya, wakaiuza kwa miaka kadhaa bila kuvunja sheria. Hata hivyo, maelezo rasmi ya XL Bully yameanza na kipimo: dume kuanzia sentimita 51 begani, jike kuanzia 48. Kipimo kingekuwa mwanzo mzuri kwa kila mbwa mkubwa, awe na jina lolote, na mwenyewe akadaiwa kibali kabla ya kununua. Waingereza waliwahi kuwa na leseni ya mbwa, ya peni 37, wakaifuta mwaka 1987. Ireland Kaskazini haikuifuta. Huko mwenye mbwa kwa kawaida analipa pauni 12.50 kwa mwaka hadi leo.