Upepo wa Marsabit na hati ya ardhi

Njia ya kutoka Laisamis kuelekea Ziwa Turkana, katika kaunti ya Marsabit kaskazini mwa Kenya, inapita nyanda kavu ambako boma moja liko mbali na jingine. Wapangaji wa miradi huiona ardhi hiyo kuwa tupu. Mfugaji wa Kirendille huiona vingine: malisho yasiyo na mtu leo ndiyo akiba ya ngamia wake kiangazi kikizidi.

Hapo ndipo iliposimama mitambo 365 ya upepo ya kampuni ya Lake Turkana Wind Power, yenye uwezo wa megawati 310 za umeme. Faida yake si ya kubezwa. Inapunguza haja ya kuchoma mafuta ili kufua umeme, na barabara ya zaidi ya kilomita 200 iliyotengenezwa kupitisha vyuma vyake sasa hupitisha pia malori ya mifugo.

Shida iko kwenye hati. Mradi ulikodishiwa ekari 150,000 za ardhi ya jamii. Wakazi walienda kortini mwaka 2014, na Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ikaamua kwamba hati hizo zilitolewa bila kufuata sheria. Ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha.

Kampuni husema mitambo inakalia kipande kidogo tu na mifugo huchunga katikati yake. Ni kweli. Basi ekari zote hizo za nini? Anayechunga ardhi ya babu zake kwa hisani ya aliyeikodi amekwisha kufanywa mgeni.

Wengine wanahofia wawekezaji watakimbia. Hofu hiyo ina uzito, ila mahakama haikuamuru mtambo wowote ung'olewe. Mwezi huohuo, Mahakama ya Juu ya Norway iliamua kwamba vibali vya mitambo ya upepo ya Fosen vilivunja haki za Wasami, wenyeji wa asili wa huko wanaofuga reinidia, kulungu wa nchi za baridi. Mitambo iliendelea kuzunguka. Vijana wakaziba milango ya wizara Oslo mwaka 2023, ndipo makubaliano ya fidia yakapatikana.

Kwetu kigumu zaidi ni kujua jamii ni nani. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka jamii isajiliwe, na Warendille, Wasamburu, Waturkana na Waelmolo wote wana dai lao, tena baadhi yao wamewahi kumwaga damu kwa ajili ya malisho. Atakayeachwa nje ya daftari atakuwa amedhulumiwa na jirani yake. Kwa hiyo usajili utangulie, wanawake wakiwemo barazani, kisha kampuni ikodi ardhi kutoka kwa jamii zenyewe na kulipia eneo inalolitumia kweli.