Heri Zama za Chenga

Mie nyumbani kwangu nilikuwa na televisheni ya chogo. Miaka 18 imekaa ukumbini pale, juu yake kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa maua ya plastiki. Ilikuwa na chenga, sikatai. Ukitizama mpira, mpira wenyewe huuoni; unaona watu wote wanakimbilia upande mmoja, basi unajua uko huko. Msoma habari kavaa shati la kijani, ukilipiga chogo kofi mbili anabadilisha, anavaa la zambarau. Lakini ilikuwa televisheni yenye stara. Miaka yote 18 haijapata kumuumbua mtu.

Haya. Kaoa mtoto wa shemegi yangu kule Wete. Tukapanda meli nyumba nzima, tukala harusi, tukarudi zetu Unguja. Wiki tatu baadaye ikateremka bandarini Malindi flashi kutoka Pemba, kapewa abiria, imeviringishwa kwenye karatasi ya sabuni. Ndani yake video ya harusi. Saa nne na dakika 12! Sijui mpiga video kule analipwa kwa saa au kwa kilo.

Na mambo yetu mnayajua. Ndoa inafungwa msikitini, wanaume watupu. Wanawake wako nyumbani na shughuli zao. Kwa hiyo mke wangu, na dada zake, na mama yao, akdi hawajaiona. Wanataka waone kijana alitetemeka au hakutetemeka aliposema nimekubali. Na hawataki kuiona kwenye laptopu ya mwanangu, maana kioo chake ni inchi 14 na wao ni wanawake 17. Mama mkwe akasema, "Sisi hapa televisheni ya rangi tunayo tokea miaka ya 1970, wakati ule Bara hawana hata ya nyeusi na nyeupe. Leo mkwe wangu unataka nimtizame mjukuu wangu kwenye sinia la kashata?"

Mkwe akishatia historia ndani yake, huna jawabu. Nikenda Darajani.

Muuzaji akanionesha ya bapa, inchi 40, mtumba wa Ulaya. "Mzee, hii eichi-di kamili. Akitokea samaki humu, utasikia shombo." Nikatoa pesa. Nikaipakata juu ya bodaboda kama bibi harusi mpaka Mwanakwerekwe, dereva anakwepa mashimo na mie nasoma kila dua ninayoijua. Chogo likahamishiwa uani. Kuku wakalichukua siku ile ile.

Sasa sikilizeni mitihani.

Nachomeka flashi kwenye televisheni, televisheni inaitemea mate. Video ya Wete imepikwa kwa namna isiyoila. Na maandishi yote humo ndani ni Kijerumani. Kioo cheusi, katikati pana kibandiko kinazungukazunguka kimeandikwa "Kein Signal", kumbe maana yake hakuna mawimbi. Shangazi yake mke wangu, aliyekuja mapema akashike kiti cha mbele, akakisoma mara tatu, kisha akauliza: "Huyu Kein ndiye nani? Ndiye aliyeozesha?"

Akaitwa kijana wa jirani, anasoma mambo ya kompyuta chuoni. "Ami, hili dogo. Tunaunga laptopu na televisheni kwa waya." Akaja na waya wa VGA, mrefu, mnene, wa buluu kichwani, pini 15 zimejipanga safu tatu, tano tano. Nilizihesabu mwenyewe, maana mie miaka 31 nilikuwa karani wa mahesabu, kitu chenye safu hakinipiti. Pini moja ya juu, ya pembeni, imelala. Nikamwambia kijana, hii imelala. Akaniambia haina neno.

Kumbe ndiyo ibebayo rangi nyekundu! Picha ikatoka, wanawake wakapiga vigelegele, kisha vigelegele vikakatika katikati kama umeme wetu. Bwana harusi kawa rangi ya maji ya mwambani. Shekhe naye hivyo hivyo. Msikiti mzima umezama. Na sauti hakuna, kwa sababu waya ule unabeba picha peke yake, sauti haubebi, hata ungekuwa mzima. Shekhe anafungua mdomo anafunga, anafungua anafunga, kama changu ndani ya dema. Mama mkwe akauliza kasema mahari kiasi gani. Nani amjibu?

Kabla sijajitetea, umeme ukaondoka.

Hebu nambieni, mie ndio siuelewi ulimwengu? Umeme wetu unatoka Bara, unazama baharini kule Ras Kiromoni, unatambaa chini ya maji zaidi ya kilomita 30, unaibuka Fumba, unakuja zake mpaka kwenye tukuza yangu, mita ile ya umeme, ukutani. Bahari nzima umevuka! Mie natafuta picha itoke mezani ipande kabatini, mita moja na nusu, nchi kavu, hakuna papa wala nyangumi, imeshindikana.

Kesho yake nikarudi Darajani kutafuta waya wa HDMI. Kijana kanambia ule ndio wa kisasa, pini 19, picha na sauti zinapita humo humo pamoja. Dukani nikaoneshwa aina mbili. Mmoja 10,000. Mwengine 45,000, kichwa chake dhahabu. "Huu, mheshimiwa, picha inapita imeshaoshwa." Mie na miaka yangu hii sijapata kuitwa mheshimiwa na mtu asiyekuwa anataka kura. Nikachukua wa dhahabu.

Kijana alipouona akacheka mpaka akakaa chini. "Ami, humu zinapita tarakimu tu. Sifuri na moja. Ama zimefika, ama hazikufika. Dhahabu itazisafisha nini?" Karani mzima wa mahesabu, nimelipa 35,000 zaidi ili sifuri ipite kwenye dhahabu. Nikamwambia anyamaze, na hiyo bei asiitaje mbele ya mtu wa jikoni.

Tukachomeka. Kein bado anazunguka. Kijana akabonyeza kitufe chenye dirisha pamoja na P, zikaja njia nne za kuchagua, akachagua siyo. Ile aliyochagua inazifanya skrini kuwa nyumba mbili. Kishale cha kipanya kinatoka kwenye laptopu, kinavuka, kinaingia kwenye televisheni, na video yetu imebaki kule kilikotoka. Ukikiita huku hakiji, kiko kule. Ukikifuata kule kisharudi. Mke wangu akasema, "Namjua mtu wa tabia hiyo, ana mke Bububu na mwengine Jang'ombe." Wanawake wakacheka. Mie sikucheka, na kuambiwa mbona hucheki nikaambiwa.

Basi akachagua ile ya kuonesha sawasawa pote pawili, na picha ikaja. Na sauti ikaja. Nyekundu nayo ikarudi, bwana harusi akawa binadamu. Wanawake wakakaa. Mke wangu akaniletea chai ya rangi, yangu haina sukari, sukari ninayo mwilini na daktari keshasema. Ilikuwa hapo ninyamaze. Wallahi ilikuwa hapo ninyamaze.

Lakini mie nimetoa pesa ya picha safi, na hii nikiitizama ina ukungu, kama mtu aliyetoka kulala. Nikasema, "Mwanangu, hii siyo." Kijana akatizama, akasema kweli ami: laptopu inapeleka nukta 1366 kwa 768, televisheni yenyewe ina 1920 kwa 1080. Nikachukua kalamu. Ya kwanza ni nukta 1,049,088. Ya pili 2,073,600. Yaani televisheni inapokea karibu nusu ya watu na inatakiwa ijaze viti vyote! Kila nukta inalazwa kwenye kiti kimoja na kipande cha kiti cha jirani, ndipo ukungu ulipotoka. Kijana akaiambia laptopu ipeleke 1920 kwa 1080, nukta sawa na viti. Lo! Ndevu za shekhe zikahesabika. Mkeka wa msikitini unaona ukili na ukili. Mama mkwe akasema mashaallah, akavua miwani, akaivaa tena.

Hapa tena ningeweza kunyamaza.

Sasa nikaona kitu. Saa ya kompyuta, ile inayokaa chini pembeni, kwenye laptopu ipo, kwenye televisheni haipo. Nikatizama juu: kofia ya shekhe imekatwa. Kushoto, kaka yake mama mkwe kabaki bega. Nikasema, "Picha imeliwa kando!"

Mke wangu akasema, "Yatosha, Baba. Tunaona."

"Haitoshi! Mie miaka 31 nimefunga vitabu, sijaacha senti nje. Nimelipa picha nzima, naitaka nzima!"

Kijana akaeleza kuwa hiyo ni tabia waliyorithi kwa wazee wao wa chogo. Televisheni za zamani kingo za picha zilikuwa hazikai sawa, basi mafundi wakawa wanaikuza picha kidogo, ubaya wote ujifiche nyuma ya fremu. Hizi za bapa hazina haja hiyo, lakini nyingi zimeendeleza desturi. Tiba iko ndani ya televisheni yenyewe, kwenye mipango yake, na mipango yake, kama nilivyosema, ni Kijerumani.

Umeme ukakatika tena. Tukaketi gizani, wanawake wanajipepea kwa kanga, mie natafuta Mjerumani.

Nikampata barazani. Mzee mmoja, ujanani kabeba zege Kikwajuni, yalipokuwa yanajengwa yale majumba kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Nikamkatiza dhumna yake. Akaja na bakora, na kofia kaigeuza upande wa heshima. Umeme ulirudi baada ya Isha. Mzee akasimama mbele ya kioo kama anaswalisha, rimoti anayo kijana.

"Hilo 'Bild' ndiyo picha. Ingia."

"Nimeingia, babu."

"'Bildformat'. Umbo la picha hilo. Ingia. Hilo jengine 'Sprache', lugha. Hilo wacha, tutakosa kazi."

Ndani mkawa na orodha, chini kabisa pameandikwa 1:1. Namba, jamani! Lugha yangu! Nikasema, "Hapo! Moja kwa moja! Bonyeza!" Mie ndiye niliyesema. Nataka mjue hilo, maana kijana keshaanza kulaumiwa mtaani.

Kabonyeza. Picha ikajivuta, ikatulia. Kofia ya shekhe ikarudi kichwani kwake. Saa ikarudi pahala pake. Kaka yake mama mkwe akapata uso, na mkono wa pili. Picha nzima, safi, kila pembe. Wanawake 17 wakanipigia makofi. Nikasimama, nikainama kidogo, nikageuka na mie niione kazi yangu.

Kushoto kabisa, nyuma ya nguzo, pale palipokuwa pameliwa na Wajerumani siku mbili zote, yupo mtu kavaa kanzu ya rangi ya maziwa. Ana sahani ya halua magotini.

Ndoa yenyewe inafungwa. Watu wote wamemwelekea shekhe. Mtu yule kaelekea sahani. Ni halua ya Wete, wenye kuijua wanaijua, inang'aa mafuta yake, na kwa hizo nukta 2,073,600 unaziona lozi moja moja. Anachota kwa vidole vitatu. Anatizama kulia. Anatizama kushoto. Anatia mdomoni, macho anayafumba. Bwana harusi anasema nimekubali, na mtu yule anaitikia kwa kichwa, sijui anaikubali ndoa au anaikubali halua. Anachota tena.

Ukumbini kimya. Shekhe anaomba dua, sauti safi kabisa, inapita kwenye dhahabu.

"Baba," mke wangu akasema polepole, macho kwenye televisheni. "Si ulinambia kule msikitini ulikunywa kahawa chungu tu?"

Nikasema kanzu kama ile ziko nyingi. Shangazi, wa kiti cha mbele, akanyanyuka, akasogea, akaweka kidole juu ya kioo. "Hiki si kile kiraka cha begani nilichokishona mie?" Kiraka hicho kwenye chogo usingekiona hata ukipewa darubini.

Wiki nzima ile umeme ulikatika mara nne, na mara zote nne niliulaani. Usiku ule nikauomba. Nikaitizama tukuza ukutani kwa jicho la huruma, nikauomba ukatike kwa dakika tano tu, tatu, ukatike mtaa wetu peke yetu. Taa haikupepesa. Kilomita 30 za bahari, na umeme umetulia kama maji ya mtungini.

Kijana akanyoosha mkono kwenye laptopu, masikini, anataka kuipeleka mbele, tufike kwenye maakuli.

"Wacha hapo hapo, mjukuu wangu," mama mkwe akasema, anafuta miwani kwa ncha ya kanga. "Irudishe nyuma kidogo. Nimehesabu tonge saba, nahisi imenipita moja."