Zinaakisi vizuri, kwa pembe ipi?
Mwandishi wa makala niliyosoma anasema nyuso za kuakisi mawimbi, yaani paneli zinazorudisha mawimbi ya redio ya mtandao, zitapeleka mtandao nyuma ya vilima vya Mwanza kwa sababu "zinaakisi vizuri". Sawa, lakini kwa pembe ipi? Bamba la chuma hurudisha wimbi kwa pembe ileile lililojia. Uso huu una vijipande vidogo kuliko urefu wa wimbi (urefu huo, kwenye masafa ya gigahezi 28, ni kama milimita 11 tu), vimepangwa ili kulielekeza wimbi kwingine. Basi, ili kulipima hilo, antena ya kupokea izungushwe kuuzunguka uso huo digrii kwa digrii, halafu matokeo yalinganishwe na bamba tupu la ukubwa uleule. Wimbi likija kimshazari uso hubadilika tabia. Kwetu Igogo, hapa Mwanza, kwenye nyumba zilizobanwa na mawe, hakuna mnara unaotutazama uso kwa uso. Tuonesheni vipimo vya wimbi linalojia kwa mshazari wa digrii 60!