Dogo "hana umakini", sawa, lakini tumempimaje?

Mwezi uliopita mpwa wangu, yupo kidato cha pili, alirudi na karatasi kutoka shule. Maswali kibao ticha kajaza tiki, anahangaika kwenye kiti, anakengeuka haraka, hamalizi alichoanza, na chini kaandika kwa kalamu nyekundu "hana umakini wala kujizuia". Dada alilia. Jioni hiyo hiyo nimekaa sebuleni namwangalia huyo dogo kafungua simu ya bibi yake iliyopasuka kioo, viskrubu vidogo kama punje za ufuta kavipanga kwenye kifuniko cha ndoo kufuata vilikotoka, masaa mawili na nusu hajainua kichwa, chai imepoa pembeni. Sasa tuamini karatasi au macho ya mjomba? Na macho ya mjomba nayo yana mapenzi ndani yake, nalijua hilo.

Wanaotaka vijana wapimwe umakini na kujizuia wana hoja nzito, tusiwapuuze. Kule Dunedin, New Zealand, watafiti waliwafuata watoto 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973 mpaka utu uzima, na mwaka 2011 Terrie Moffitt na wenzake wakaonyesha kwamba waliokuwa na shida ya kujizuia utotoni, walipofika miaka 32 afya zao zilikuwa mbovu zaidi, hela inawasumbua zaidi na kesi za jinai ni nyingi zaidi, hata ukishaondoa tofauti za akili na hali ya nyumbani. Na mitego mingi waliingia wakiwa vijana, kuanza sigara mapema, kuacha shule, kuzaa bila kupanga. Afu kuna yule binti anaekaa nyuma kimya, hasumbui mtu ila mawazo yako dirishani kipindi kizima, huyo usipokuwa na kipimo hakuna atakaemuona maana jicho la ticha linaenda kwa wenye fujo.

Ila angalia hao wa Dunedin walipimaje. Walikusanya tangu watoto wana miaka 3 mpaka 11, waangalizi wakasema, wazazi wakasema, walimu wakasema, mtoto mwenyewe akasema, yote yakaunganishwa kuwa kitu kimoja. Hiyo huwezi kuiweka sahani moja na karatasi ya ticha mmoja, siku moja, darasa lina watoto themanini.

Kuna wanaosema basi tuachane na maoni ya watu, kompyuta haina chuki. Mfano kuna kipimo cha mishale, inatokea mitano kwenye skrini, wewe unabonyeza upande unakoelekea ule wa katikati tu, ile minne ya pembeni ikielekea kwingine inakuvuta, na kompyuta inahesabu umechelewa milisekunde ngapi. Kipimo cha aina hiyo kimetumika hata kwenye utafiti mkubwa wa Marekani uitwao ABCD, unaofuatilia ubongo wa watoto unavyokua, uliosajili watoto zaidi ya 11,000 wakiwa na miaka 9 na 10. Mi nilikuwa upande huu kabisa, mpaka nikasoma kazi ya mtafiti Craig Hedge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Uingereza, ya mwaka 2018, waliwapima watu wazima wale wale mara mbili, wiki tatu katikati, kwenye vipimo vya namna hii, na kwa baadhi ya vipimo nafasi ya mtu mara ya kwanza haikukuambia sana atakuwa wapi mara ya pili. Sababu yake ndo iliyonigusa, vipimo hivi vilipendwa maabara kwa vile karibu kila mtu anachelewa kwa kiasi kinachofanana, kwa hiyo vinafaa sana kuelewa akili ya binadamu inavyofanya kazi, ila ukitaka kupanga watu nani zaidi ya nani vinakwama. Ni kama kupanga foleni ya watu kwa urefu wakati wamepishana nusu sentimita na futi yako inacheza sentimita nzima.

Dodoso za kijana kujijazia mwenyewe zina mtego mwingine. Kule Boston, Marekani, watafiti walipima wanafunzi wa darasa la nane, wale wa shule zenye nidhamu kali walijipa alama za chini kwenye kujizuia kuliko wenzao wa shule za kawaida, wakati kwenye mitihani ndo waliokuwa wanapanda zaidi. Mtoto anajilinganisha na aliokaa nao. Na watafiti Angela Duckworth na Margaret Kern mwaka 2011 walikusanya matokeo ya makundi 282 ya watu waliopimwa, wakakuta dodoso na vipimo vya maabara vinakubaliana kidogo sana, yaani kijana anaweza kung'ara kwenye mishale afu dodoso ikamwangusha.

Tena kijana unampima chumbani, peke yake. Watafiti Gardner na Steinberg mwaka 2005 waliwachezesha watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, vijana wadogo wakiwa na wenzao pembeni walijihatarisha zaidi sana kuliko wakiwa peke yao, watu wazima hawakubadilika hivyo. Kujizuia kupi sasa tunaandika kwenye faili, kwa peke yake au kwa akiwa na washkaji?

Kwangu mimi, kulinganisha makundi ya maelfu sawa, vitumike. Kumwandikia mtoto mmoja kwa wino mwekundu kwa kipimo kimoja, hapana, hiyo ni kumdhulumu.

Nilienda shule. Ticha ni mtu mwema, kachoka tu, akaniambia yeye anampata vipindi vya mwisho, baada ya chakula. Ticha wa fizikia anaefundisha asubuhi hana lalamiko lolote. Lakini hesabu za nyumbani dogo kaziacha katikati mara tatu mbele yangu, kwa hiyo siwezi kusema hakuna kitu. Tukakubaliana kila mwalimu aandike somo na saa kwa wiki tatu, dada aandike ya nyumbani na saa anayolala, maana huyu anaamka saa kumi usiku awahi daladala. Wiki ya kwanza imeisha juzi, karatasi ziko juu ya friji.