Meza ya Omweso Yenye Kioo: Nani Alituroga?

Eti meza ya omweso, lile bao la Waganda, yenye kioo! Mchana ni meza ya chai, jioni kioo kinanyanyuliwa, watu wanacheza. Wageni wakiingia mchezo haujaisha, unafunika tu, kete zinalala palepale. Wazo tamu. Haya, nenda Ndeeba, kule Kampala, ukanunue mbao.

Muuzaji atakuapia kwamba mvule ule ni mkavu. Mkavu wapi, ukipiga msumari unatoa machozi! Mbao mbichi hunywea kwa upana. Ubao wa sentimita 50 unaweza kupoteza sentimita nzima, na fremu uliyoipigilia juu yake inavutwa nayo. Kioo, mkaidi yule, hakivutiki. Kinangoja usiku wa manane, kinalia "pa!", nyumba nzima mnatafuta mwizi.

Sasa mashimo. Ni 32, safu 4 za mashimo 8. Upana sentimita 6, kina 2.5, basi ubao uwe na unene wa sentimita 4. Fundi akikuletea wa inchi moja, atachimba mpaka aone sakafu. Kete, zile empiki, ni 64, na mwenye bahati hurundika shimo moja likawa kichuguu. Kwa hiyo kati ya ubao na kioo acha sentimita 3. Ukibana nafasi, kila ukifunika unabomoa vichuguu, na mzee aliyekuwa anashinda atakutajia ukoo wako wote.

Kioo kiwe cha milimita 6. Cha 3 hakitaki kiwiko, na nani anakunywa chai bila kuegemea? Cha sentimita 80 kwa 50 kina kilo 6. Kikatwe pungufu kwa milimita 4, urefu na upana, kingo zisagwe. Lakini pima fremu kona kwa kona pia! Fundi anapima upande mmoja, anasema "itaingia, mzee", kumbe fremu imekaa kama chapati. Anayetaka kile cha kupikwa, kinachovunjika chembechembe kama cha gari, asikosee hata kidogo, maana kikishapikwa hakikatwi tena. Kwenye boda kisimamishwe wima, kisilazwe mapajani kama mtoto.

Vanishi ikauke kabisa kabla hujafunika, la sivyo kioo kinapata ukungu kwa ndani.

Haya, kimeingia. Kitoe basi! Hakuna pa kushika. Kisu kinamega kingo, na chai ikimwagika kinaganda kama stempu. Gundisha vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli kwenye vikalio, pale kioo kinapokalia, kisha toboa ubao pembeni, mbali na mashimo, tundu la milimita 30. Kidole hakifiki, sukuma kioo kutoka chini polepole kwa kipande cha mpini wa ufagio kilichofungwa kitambaa.

Ila na tundu lenyewe lina mambo yake. Watoto wakishaligundua, wanapitisha kete moja moja. Ukihesabu ukapata 61, inama uvunguni kwanza kabla hujamshuku shemeji.